Uso Wangu Juu ya Maiti

"Bortolo! Fungua mlango kabla sijauvunja!"

Nilikuwa naugonga kwa ngumi zote mbili, mikono bado ina unga. Padova nzima ilikuwa barabarani kwa sherehe za kanivali, na kila mpita njia alinigeuzia shingo. Sikujali. Mchumba wangu akafungua, patasi mkononi, akanitolea lile tabasamu lake.

"Orsola wangu, kulikoni?"

"Usiniite wako! Hii nini?"

Nikamtupia karatasi kifuani. Mchoro wa mwanamke aliyesimama uchi, tumbo limefunguliwa kama kabati, matumbo nje. Na juu ya shingo, uso wangu! Nyusi zangu, kidevu changu, mpaka kovu la tanuri hapa shavuni.

Akabadilika rangi. "Umeitoa wapi?"

"Mwanafunzi wa udaktari kaja nayo dukani, mbele ya wateja. Ananunua mkate huku ananiambia, 'Orsola, leo nimekuona mpaka utumbo!' Watu wamecheka wakashika mbavu. Baba hakucheka."

"Amesemaje?"

"Kaapa. Kile kibao cha mti ulichochonga mchoro huu kikienda Venezia kupigwa chapa kitabuni hivyo hivyo, ndoa hakuna. Na mimi simbembelezi."

"Orsola, kinaondoka leo jioni!"

"Basi kazi unayo."

Akaanza kuzunguka chumbani, mara dirishani, mara mezani, hatulii. Na mimi nilikuwa nazunguka upande wa pili. Ungetuona ungedhani tunatafuta pete iliyopotea.

"Nisikilize," akasema. "Huyo mwanamke alihukumiwa, wakamnyonga, wakatuletea maiti. Bwana wangu, Daktari Lazzaro, anapasua, mimi nachora. Tumbo niliweza, mikono niliweza. Nilipofika usoni nikashindwa kumtazama. Mkono ukagoma kuchora. Nikakuwaza wewe, ukakubali."

"Kwa hiyo mimi ni dawa ya woga?"

"Ni mapenzi, jamani!"

"Mapenzi gani ya kunitoa matumbo? Wenzangu wanachorewa maua!"

Siku nyingine ningecheka. Lakini moyo uliniuma, tena vibaya. Mwanamume huyu alikaa na marehemu mezani asimtazame usoni hata kidogo. Je, mimi alishawahi kunitazama, au na mimi alijichorea tu kichwani mwake?

Daktari Lazzaro akaingia bila kubisha hodi.

"Bortolo, kibao tayari?" Akaniona, akaitazama karatasi, akanitazama tena. "Aah, kumbe ndiye huyu! Uso mzuri, binti. Utauza kitabu."

"Uso wangu hauuzwi, Daktari."

"Kumbe na mdomo anao! Bortolo, funga kibao hicho. Ukikigusa, katafute kazi kwingine."

Bortolo akanitazama, akamtazama bwana wake. Nilidhani atainamisha kichwa kama kawaida yake. Akaweka ncha ya patasi juu ya ule uso kwenye kibao, akapiga nyundo. Paa! Vipande vya mti vikaruka mpaka kwenye viatu vya daktari. Pamoja na hasira zangu zote, niliruka kama nimepigwa mimi.

"Mwendawazimu wee! Sasa nipeleke mwanamke asiye na kichwa?"

"Nitatia kiraka cha mti, Daktari, nichonge upya. Kabla ya jioni utakuwa nacho."

"Kiraka chenye uso wa nani?"

Nikamjibu mimi. "Kwanza akamtazame mwenyewe. Bortolo, twende."

Marehemu alikuwa bado kanisani, anasubiri kuzikwa. Kando yake alikaa mwanamke mzee mwenye vikapu vitupu vya kabichi. Alipoona makaa ya kuchorea mkononi mwa Bortolo, akasimama.

"Mmebakiza nini tena kwa mwanangu?"

Nikasogea mbele. "Uso, mama. Tunaomba tumtazame tu."

Alimkagua Bortolo juu mpaka chini. Kisha akaondoa shuka mwenyewe.

"Anaitwa Betta. Haya, mtazameni."

Alikuwa rika langu. Pua ina madoadoa, meno ya mbele yana pengo. Bortolo akamtazama, akaendelea kumtazama, machozi yakimtiririka wazi wazi. Halafu, mkono wa fundi ni mkono wa fundi, ukaanza kukunjua karatasi. Nikaukamata.

"Usimchore."

"Si ndicho tulichofuata?"

"Nilisema umtazame. Sikusema umuuze. Na mama huyu naye ana soko la kwenda kesho, akaonyeshwe utumbo wa mwanawe kama nilivyoonyeshwa wangu?"

Mama Betta alinishika kiwiko, akanibana, mpaka tukaondoka.

Bortolo alichonga kile kiraka nimesimama mgongoni kwake. Aliweka mtandio tu, umeteremka kutoka utosini mpaka kidevuni, usoni haonekani mtu. Daktari alifoka mpaka akakohoa, akasema huo si uso, ni nguo iliyoanikwa. Lakini mchukuzi alikuwa mlangoni na farasi, akakitia kibao kwenye majani makavu, akaondoka nacho.

"Na wewe usirudi hapa!" Daktari akamwambia Bortolo.

Tukabaki barabarani, yeye na patasi zake ndani ya kitambaa, watu waliovaa vinyago wakitupita wanaimba.

"Sina kazi, Orsola. Baba yako atanikubali kweli?"

"Geuka. Nitazame."

Akageuka.

"Sio hivyo. Nitazame kama ulivyomtazama Betta. Unaona nini?"

Akachukua muda wake. Nilitaka kukimbia, haki ya Mungu.

"Una unga kwenye nyusi," akasema taratibu. "Umelia. Na bado una hasira na mimi."

"Nyingi sana."

"Naziona."

"Basi Jumapili njoo nyumbani," nikamwambia. "Kwa baba nitakusemea mimi."