Kofi Moja la Wiebke

Chanzo cha yote ni sukari ya unga. Upepo wa Oktoba uliingia kibandani kwa Wiebke Lüers, ukanyakua sukari aliyokuwa akiwanyunyizia wateja juu ya vimandazi vya moto, ukaenda kuimwaga yote kwenye koti jeusi la mwanamume aliyekuwa akijipitia zake. Ilikuwa saa kumi jioni katika gulio la Freimarkt, Bremen, mwaka wa sabini na nane, watu wamebanana hata kujikuna huwezi.

"We dada!" mwanamume akasema, akijitazama. "Umenipamba au umenizika?"

"Nimekupamba. Ulikuwa unatembea kama mtu anayetoka mazikoni."

"Natoka kwenye basi la Aurich, mashambani kwetu. Ni yale yale."

Wiebke akacheka kabla hajajizuia. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, kitambaa cha buluu kichwani, mashavu mekundu kwa joto la mafuta, na ulimi ambao gulio zima liliuogopa. Huyu mbele yake alikuwa mpana kama kabati la nguo, sikio moja limekunjamana kama jani la kabichi, lakini sauti yake ilikuwa ya upole, sauti ya kubembelezea ng'ombe.

"Kazi yako nini, mzee wa sukari?"

"Mieleka. Hapo ukumbini. Naitwa Hauke Tjarks."

"Wewe ni wa wale wema wanaoshangiliwa au wale waovu wanaozomewa?"

"Mwema. Huoni uso?"

"Naona uso ulioangukiwa na mlango."

Hauke akanunua vimandazi kumi na viwili, akavila vyote papo hapo, macho kwa muuzaji. Kesho yake akarudi. Na kesho kutwa.

Kila mwaka gulio likifunguliwa, wanamieleka nao huingia mjini, kutoka Leeds, Winnipeg, Dakar, Osaka, Graz, na kupanga nyumba zao za magurudumu nyuma ya ukumbi. Shangazi Meta, aliyemlea Wiebke, alikuwa na kiti chake mstari wa mbele kwa miaka kumi na minane, pamoja na mwavuli wa kuwachoma waovu mapajani. Meta aliamini kila kitu alichokiona ulingoni. Na kwa nini asiamini? Wema na waovu hawakuonekana meza moja wala gari moja, hata kwa bahati mbaya. Wakikutana njiani, mmoja alivuka barabara.

Hauke alipigana upande mmoja na Gordon Pell, jitu la Leeds, Uingereza, lenye masharubu, kipenzi cha akina mama. Wawili hao walikuwa hawashindiki. Wiebke alikuwa akifunga kibanda mapema, anakwenda kukaa kando ya shangazi yake, anapiga kelele hadi anakauka koo. Halafu watu wakishatawanyika, Hauke alimletea bega lake alikande.

"Hili la kushoto huchomoka," alimwambia siku moja, sauti chini. "Adui akilijua, nimekwisha. Usimwambie hata shangazi."

"Kwa hiyo nimelishika fupa lako, mpenzi?"

"Umenishika mzima."

Akamvisha shingoni moyo wa keki ya tangawizi, ule wa utepe mwekundu, umeandikwa kwa sukari nyeupe: WEWE PEKE YAKO. "Jumamosi ya mwisho," alisema, "tukishinda, njoo mpaka kwenye ulingo na moyo huu. Nina neno nataka kulisema mbele ya watu wote."

Sasa mwambie mwanamke wa gulioni neno kama hilo, uone. Ijumaa mchana wauza samaki walijua, wapiga bendi walijua, hata mama wa mikunga, wale samaki warefu wa kukaushwa kwa moshi, alikuwa ameshachagua kofia ya harusi.

Jumamosi Wiebke alivaa gauni la buluu lenye kola nyeupe. Pambano lilikuwa limebakiza dakika chache tu Hauke alipochukua kiti, akakiinua, akamshushia nacho Gordon Pell mgongoni, mwenzake mwenyewe! Wiebke, masikini, akadhani ni ajali. Alikuwa ameshasimama, moyo shingoni, anatembea kuelekea ulingoni kama walivyoagana.

Hauke akashuka. Akaunyakua moyo ule, utepe ukamkata Wiebke shingoni, akaukanyaga kwa kiatu hadi ukawa chengachenga. Kisha akachukua kipaza sauti.

"Huyu ni nani?" akawauliza watu elfu tano. "Mimi simjui. Mama, rudi kwenye mafuta yako, yanaungua!"

Nusu ya ukumbi ilizomea. Nusu nyingine ikacheka, na kicheko kile ndicho Wiebke alichokwenda nacho nyumbani.

Gulio lina kumbukumbu ndefu. Majira yote yale ya baridi, na masika yote, mtu akija kununua kitu alitabasamu kwanza. "Huyu ni nani?" walinong'onezana. Naye Hauke alikuwa mbali, mwovu maarufu sasa, akipiga simu nyumbani kwa Meta, mtaa wa Findorff, ambako Wiebke aliipokea pale ukutani penye picha ya papa wa Greenland aliyevuliwa na marehemu mjomba.

"Wiebke, usikate. Niko Graz. Huku wananirushia nyanya, mpenzi, bibi mmoja kanitemea mate—"

"Mungu ambariki." Akakata.

"Wiebke. Niko Osaka. Huku wanatazama kimya kama kanisani, halafu wanapiga makofi mtu akianguka vizuri. Ningependa uone."

"Ulinifanya nini, Hauke? Nieleze. Sentensi moja."

Gharama ya simu ilikuwa ikikimbia. "Siwezi kukueleza. Niliapa."

"Basi kaape tena." Akakata.

Shangazi Meta, aliyekuwa akisikiliza jikoni bila aibu, alizihesabu simu zile. Ilipofika Septemba zilikuwa tisa. "Jitu lenyewe halichoki," alisema.

"Halitachoka," Wiebke alijibu. "Nitalivunja kabla halijachoka."

Maana alikuwa ameona tangazo ukutani: fainali ya mkanda wa ubingwa, Hauke Tjarks dhidi ya Gordon Pell. Aliyepigwa kiti anakuja kulipiza. Wiebke alisoma tangazo lile mara tatu, akahisi damu inamchemka vizuri, kama mafuta yakifikia moto wa kukaangia. Yeye alikuwa na kitu ambacho Gordon Pell alikihitaji.

Siku moja kabla ya fainali, mchana, akamvizia Gordon karibu na mabembea, akamvuta kwenye kona ya kibanda chake kwa mkono wa koti.

"Bwana Pell, bega lake la kushoto huchomoka. Ukilivuta kwenda nyuma na juu, kesho hana mkono. Hajamwambia mtu ila mimi."

Gordon alikuwa na kimandazi mdomoni. Akaacha kutafuna. Akamtazama kwa muda, masharubu yamejaa sukari, na uso wake ukaingiwa na kitu ambacho Wiebke hakukitegemea kabisa. Huruma.

"Binti," akasema polepole, kwa Kijerumani chake cha Leeds, "miaka sita nimekuwa nikilishika bega lile kama yai. Kila usiku. Unadhani nani hulirudisha mahali pake likichomoka?"

"Wewe? Si alikupiga kiti!"

"Kile kiti nilikileta mimi mwenyewe. Nilikichagua chepesi."

Wiebke akakaa juu ya gunia la unga. Mlio wa mabembea ulikuwa kama unatoka ndani ya kichwa chake.

"Sikiliza. Mapambano yetu hupangwa mapema, na niliapa nisimwambie hata mke wangu, na mke wangu hajui mpaka leo. Lakini wewe umekuja kumvunja mtu, bora ujue. Robo saa kabla ya kupanda, bwana mkubwa Brockmann, mwajiri wetu, aliingia chumbani kwetu. Waovu walikuwa wamepungua. Akamwambia Hauke, leo unageuka mwovu, au kesho unarudi kukamua ng'ombe. Na mwovu mwenye mchumba mstari wa mbele si mwovu. Hauke alikuwa anaomba Mungu usije. Ukaja na gauni la buluu."

"Angenikonyeza hata jicho!"

"Angepaswa. Hapo sikatai, alikuwa mwoga. Tulitoka mjini ndani ya gari langu, yeye kalala chini ya blanketi kiti cha nyuma watu wasituone pamoja. Alilia mpaka Hamburg. Jitu zima, chini ya blanketi la mbwa wangu."

Wiebke hakulia. Hasira yake haikuondoka, ilibadilisha kiti tu. Mwaka mzima alikuwa akimchukia mtu asiye na moyo; sasa ilibidi amchukie mwenye moyo aliyeukanyaga wa mwenzake kwa kuogopa ng'ombe.

"Kwa hiyo nimsamehe?"

"Nani kasema?" Gordon akajipangusa masharubu. "Sisi tuna sheria yetu. Mwenzio akikupiga kweli, kwa makosa au kwa ujinga, huendi kushtaki, huendi kununa. Unangoja zamu yako, unamrudishia moja. Ya kweli, nzito kama ile. Moja tu. Kisha mnakwenda kunywa bia. Ukipiga mbili, vita vinaanza upya."

"Na yeye atajua?"

"Atajua. Kila mmoja wetu hujua." Akachukua kimandazi kingine. "Ila ujue, kesho yeye ndiye aliyepangiwa kushinda. Anaondoka na mkanda kwenda Osaka, mwaka mzima kama bingwa. Ndiyo nafasi aliyoingoja maisha yake yote."

"Mimi simzuii kushinda," Wiebke akasema, akikunja mikono ya blauzi. "Mimi nataka langu."

Jumamosi hakuvaa gauni. Alikwenda na aproni yake ya kazini, unga viganjani, harufu ya mafuta nywele zote. Shangazi Meta akamtazama juu hadi chini. "Unakwenda vitani?"

"Nisogezee mwavuli, shangazi, nipite."

Hauke aliingia na joho jeusi lenye bitana nyekundu, nywele kazipaka mafuta, kidevu juu. Watu walimzomea hadi madirisha yakatetemeka. Raundi ya nne, Gordon akiwa chini, Hauke alishuka kutoka ulingoni kuwatukana mstari wa mbele, ndiyo desturi ya waovu. Alikuwa anamnyooshea kidole muuza bima mmoja. Halafu akageuka, akamkuta Wiebke amesimama.

Uso wake ukafunguka, mara moja, kama dirisha. Kisha akakumbuka kazi, akaufunga.

"Huyu ni—" akaanza kwa sauti ya jukwaani.

Kofi lilisikika hadi mlango wa nyuma. Lilikuwa na mwaka mzima ndani yake, na vicheko vyote vya gulio, na utepe uliomkata shingo. Wingu la unga likapaa. Hauke akapepesuka, akaenda chini kwenye mbao kama kabati lililosukumwa.

Kabla kelele hazijapanda, midomo yake iliyojaa unga ilisogea. "Moja tu?"

"Moja tu," Wiebke akasema, mkono ukimuuma hadi kiwikoni.

Refa akaanza kuhesabu; akifika kumi mtu bado yuko chini, ameshindwa. Moja. Mbili. Watu walikuwa wamepanda juu ya viti. Gordon alikuwa ameinama kwenye kamba, anajifanya anatukana, lakini Wiebke alimsikia: "Inuka, mpumbavu we! Mkanda! Osaka!" Tano. Sita. Kwenye meza ya waamuzi Brockmann alikuwa amegeuka rangi ya bitana ya lile joho. Kofi la muuza vimandazi halimlazi mtu wa kilo mia na kumi, na Wiebke alijua. Alijua Hauke anaweza kusimama saa yoyote.

Nane. Hauke akafumbua jicho moja, akamtazama, akalifumba tena.

Tisa. Kumi.

Asubuhi ya Jumapili simu ililia Findorff. Shangazi Meta alikuwa mezani na gazeti. "Ya kumi," akasema. "Hesabu imetimia. Mimi nilijua kijana yule aliugua roho tu. Kofi limemponya."

Wiebke aliiacha ilie mara saba, kwa sababu alitaka. "Sema haraka, nawahi kibanda."

"Brockmann kanifukuza," ile sauti ya kubembelezea ng'ombe ikasema. "Mkanda kachukua Gordon, anauvaa hadi chooni. Shavu limevimba, mpenzi, sioni upande wa kushoto. Niko kwenye kibanda cha simu pembeni ya mtaa wenu. Lile neno la mwaka jana bado ninalo."

"Liweke. Mimi nina sharti kwanza."

"Lolote."

"Usiseme lolote, Hauke, hujasikia."

Ilikuwa siku ya mwisho ya gulio, na jua lilitoka kama lililoalikwa kwa barua. Hauke Tjarks alisimama kibandani tangu saa nne, aproni ya maua ikimbana kifuani, shavu la rangi ya biringani, akichota vimandazi. Shingoni ulining'inia moyo wa keki ya tangawizi, mkubwa kuliko yote iliyokuwa ikiuzwa, wenye maandishi aliyoyasimamia Wiebke mwenyewe herufi kwa herufi: HUYU NI NANI?

Na kila mteja, kwa agizo la mwenye kibanda, alipaswa kuyasoma kwa sauti kabla hajapewa mfuko wake. Foleni ilifika hadi kwa wauza samaki.

"Huyu ni nani?" akauliza mama wa mikunga, akiwa na kofia yake ya harusi kichwani.

"Ni Hauke, mchumba wa Wiebke Lüers," jitu likajibu, jekundu hadi kwenye lile sikio la kabichi. "Akinikubali."

Wiebke alikuwa nyuma yake, anachuja mafuta, mgongo kwa watu wasimwone anavyotabasamu.

"Sauti, Hauke," akasema. "Wa nyuma hawajasikia."