Uzi Mwekundu wa Debra

Kila Jumamosi, akishafua sare yake ya shule, Debra aliandamana na mama yake, Beldina, hadi maabara moja ya Milimani ambako samaki na maji ya ziwa hupimwa sumu. Mama alitayarisha paipu za mashine ya kromatografia, ile inayosukuma maji kwa nguvu na kutenganisha vitu vilivyochanganyika ndani yake.

Paipu hizo zilikuwa nyembamba kama bua la nyasi, na tundu lake halikupitisha hata sindano ya kushonea. Mama alichagua za chuma kisichoshika kutu, akazikata kwa kipimo. Debra alisawazisha ncha kwa tupa, akaosha tundu kwa spiriti, akalipuliza. Paipu iliyokamilika ilifungwa uzi mwekundu. Aliyeuona uzi hakuuliza tena kama paipu ni safi.

Jumamosi moja, dakika chache kabla ya mazoezi ya kwaya, ilibaki paipu moja. Debra aliipiga tupa, ikang'aa. "Inatosha," akajiambia. Akaifunga uzi bila kuiosha, akakimbia.

Wiki iliyofuata alikuta mashine imezimwa. Imeziba. Samaki wa kutoka ufuo wa Luanda Kotieno walikuwa bado kwenye friji, hawajapimwa.

"Ooko, umekaza nati vibaya," alisema Bi. Wangechi, mkuu wa maabara. "Kuanzia Jumatatu usiiguse mashine hii."

"Lakini madam, nilikaza vile nilifundishwa!"

Ooko, fundi aliyependa kumtania Debra kwa sauti aliyoimba kwaya, "Sauti ya kwanza, umekunywa uji?" siku hiyo hakumtania. Alikaa akitazama mikono yake. Mezani ilikuwa paipu iliyofunguliwa, na uzi mwekundu wenye mafundo mawili. Ni Debra peke yake aliyefunga mafundo mawili.

 Debra alienda kwaya, lakini sauti haikutoka. Walipofumba macho kuomba, aliuona uzi ule na mikono ya Ooko. Kabla ya amina alikuwa ameshafika mlangoni, akirudi mbio maabara.

"Mama, ni mimi. Ile paipu sikuiosha."

Mama hakufoka. Aliipuliza paipu ile kwa nguvu juu ya karatasi nyeupe. Unga mweusi wa chuma ukaanguka. "Kamwambie mwenyewe," alisema. "Na madam asikie."

Debra alisema mbele ya wote wawili, machozi yakimtoka. Bi. Wangechi alimgeukia fundi wake. "Ooko, nisamehe. Nililaumu kabla ya kutazama. Weka paipu nyingine, uwashe mashine."

Jioni, samaki walipokuwa wakipimwa, Ooko alichungulia mlangoni. "Sauti ya kwanza! Leo umeosha, ama umeimbia tu?"

"Nimeosha mara mbili, Anko," Debra alijibu, akitazama chini.

Mama akamwekea kidonge cha uzi kiganjani. "Nyathina, mwanangu, unga ule haukuonekana na mtu, lakini Mungu aliuona, na wewe ulijua. Ukifunga uzi huu umeniambia kazi imekwisha. Kama haijakwisha, umenidanganya, hata kama hukufungua mdomo. Na mwingine ndiye anayelipia."

Debra aliinua paipu ya mwisho, akaiosha tena. Ndipo akafunga mafundo yake mawili.