Digrii Mbili, Kitenge Kimoja

Jumamosi hiyo, katika duka la vyakula vya Kiafrika huko Reynoldsburg, pembeni mwa jiji la Columbus, palitokea tukio zito mbele ya friza: mikono miwili ilishika pakiti moja ya sombe, nayo ilikuwa ya mwisho.

"Kaka, achia," alisema Nzigire, binti Mkongo wa Louisville aliyekuwa akisomea kompyuta chuo kikuu huko Buffalo. Alikuwa amepita kumsalimia shangazi yake. Bereti nyekundu, sketi ya kitenge, raba nyeupe, na macho ya mtu aliyezoea kushinda.

"Dada, mimi nimekiona kwanza hiki kisamvu," alijibu Donati, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania. Alikuwa ametoka kazini ghalani, kizibao chake kikimetameta kama taa za barabarani.

"Kisamvu ni kitu gani? Mi naona sombe."

"Basi chukua sombe yako, uniachie kisamvu changu."

Nzigire alicheka, na kwa kucheka akalegeza mkono. Donati hakuvuta. Waungwana wengi wameangamia hivyo hivyo.

"Bon," alisema Nzigire akiitia pakiti kapuni mwake. "Nipe namba. Nitakuambia vile ilikuwa tamu."

Alimwambia jioni ileile, na kila jioni baada ya hapo. Aliporudi Buffalo, alipiga simu kutoka chumbani kwake mtaa wa Riverside, upepo wa mto Niagara ukigonga dirisha. Donati alikuwa kitandani Reynoldsburg, miguu ikimuuma.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula hesabu, chéri."

"Hiyo kompyuta ikikupenda kuliko mimi, niambie mapema."

"Yenyewe haikoromi."

Donati alituma wazee Jeffersontown, pembeni mwa Louisville, kupeleka posa. Papa Bagula, baba yake Nzigire, aliwapokea kwa soda na sharti moja: "Diplome kwanza. Mahari na harusi vitafuata nyuma." Sawa. Diploma, yaani digrii, mwezi wa tano mwishoni mwa mwaka wa nne, harusi mwezi wa nane. Akina mama wa kanisa wakachagua kitenge cha sherehe ya diploma, cha manjano chenye ndege wa kijani, na watu wa Louisville na Columbus wakashona mapema. Ndiyo desturi: nguo ikishashonwa, sherehe haina pa kukimbilia.

Lakini mwaka wa tatu Nzigire alikuwa ameomba kuingia katika mpango wa kuunganisha shahada ya kwanza na ya uzamili. Masharti yalikuwa makali: uombe ukiwa bado mwaka wa tatu, alama zako zisishuke, masomo kadhaa ya uzamili uyafanye mapema ili yahesabiwe pande zote mbili. Kazi ya miaka sita inaisha kwa mitano. Alipokubaliwa, Donati alipiga kelele ghalani mpaka msimamizi akaja mbio. Papa Bagula alitangaza kanisani. Wote walisikia neno "mbili" na kushangilia. Hakuna aliyeuliza zinatoka lini, na Nzigire alidhani jambo hilo linajulikana: digrii zote mbili hutolewa siku moja, mwisho wa mwaka wa tano. Akilini mwa wengine wote, digrii ziliota kama meno ya mtoto, moja baada ya nyingine.

Mwezi wa nne Donati alipiga simu. "Mpenzi, siku ya mahafali nivae tai ya rangi gani?"

"Mahafali ya nani?"

"Yako, malkia!"

"Chéri, mimi namaliza mwakani. Zote mbili pamoja. Ni mwakani tu."

Kambini, kila mwaka familia ya Donati iliambiwa itasafirishwa ng'ambo mwakani. Aliambiwa hivyo akiwa hana jino la mbele, akaambiwa tena akiwa na ndevu. Hakumweleza Nzigire hayo. Alisema:

"Kama umefeli, sema. Kama kuna mwingine, sema pia. Mama yangu ameshashona!"

"Donc unaoa mimi ao unaoa kitenge?"

Nzigire akakata simu.

Louisville ilikuwa na maoni. Mama Gracieuse, kiongozi wa akina mama, alianza kuuliza kama kitenge kile kinafaa kwa mapazia. Papa Bagula akampigia binti yake. "Toka mu ile programme. Chukua diplome moja sasa, sherehe ifanyike, uolewe."

"Papa, nikitoka hawanirudishi."

"Na mimi uso wangu nitauweka wapi? Sherehe imefutwa!"

Jumapili ya sherehe iliyofutwa, ibada ilipokaribia kwisha, mlango wa kanisa ulifunguliwa. Nzigire aliingia amevaa kitenge cha manjano toka kilemba hadi pindo, ndege wa kijani wakipaa mabegani. Peke yake. Alitembea hadi mbele kana kwamba kwaya nzima ilikuwa nyuma yake.

"Sikufeli," alisema. "Mama Gracieuse, ukipika ugali na sombe, ugali ukaiva kwanza, unawapa wageni ugali mkavu ili waone una jiko?"

"Hapana, mwanangu."

"Basi na mimi sitoi ugali mkavu. Vyote viko motoni. Sitoki mu ile programme, Papa. Na Donati nitaolewa naye mwezi wa nane, kama bado ananitaka. Diplome itanikuta mu nyumba yangu."

"Anakutaka," ilisema sauti ya nyuma.

Donati alisimama mlangoni, ametoka Columbus moja kwa moja, shati la manjano limekunjamana kwa safari. Mkononi alikuwa na pakiti ya sombe iliyoyeyuka, ikidondosha maji kwenye zulia la Bwana.

"Nisamehe," alisema. "Neno mwakani lilinila utoto wote kule kambini. Nilidhani limenifuata hadi huku."

"Ungeniambia, mjinga wangu."

Wote wakamgeukia Papa Bagula, mwenye sharti. Alikuwa amejifungia ndani ya koti la kiwandani ibada nzima, jasho likimtiririka. Alikohoa. Kisha akafungua zipu polepole, na chini ya koti wakatokea ndege wa kijani.

"Bon," alisema. "Mwezi wa nane. Lakini nataka diplome mbili na sherehe mbili."

"Sherehe mbili, kitenge kimoja," alisema Mama Gracieuse. "Mapazia yatangoja."

Donati akaushika mkono wa Nzigire kwa mkono wake uliolowa sombe. "Tutakivaa harusini," alisema, "na tukivae tena mwakani." Akacheka, kwa sababu neno lilikuwa limepita kooni bila kumkwaruza.