Aliyeanza Dawa Mwezi wa Sita

Jumapili, watu wa Milepa wakitoka kanisani, mzee Mboje aliswaga ng'ombe wake wa mahari ya mwanawe kutoka zizi la kina Fortunata mchana kweupe. Nyuma alifuata mshenga wake, Adriano, ameinamisha kichwa. Kufikia jioni kijiji kizima kilijua sababu: binti anatumia dawa za ARV.

Sajini Redempta alipewa kesi hiyo huku mafua yamembana, akachoka kabla hajaanza. Hata akimpata aliyetoa siri, siri yenyewe hatairudisha. Kilichobaki kuokolewa ni kazi ya nesi Agnesi, mwenye ufunguo wa mafaili ya wagonjwa. Kituo cha afya kilikuwa kinamfukuza Ijumaa.

"Afande, nimempa dawa miaka yote hii," Agnesi alisema. "Ningetaka kusema, ningengoja mahari?"

Kwa mzee Mboje Redempta hakukaa sana.

"Shikamoo baba. Nani alikuambia?"

"Marahaba. Simtaji. Ila alijua mpaka mwezi. Kaanza dawa mwezi wa sita, mwaka juzi."

Fortunata alikunja uso aliposikia hayo. "Mwezi wa nane, afande. Tulikuwa tumemaliza kuvuna. Nitasahauje?"

Faili lilisema mwezi wa nane. Basi aliyetoa siri hakusoma faili. Redempta alipenga kamasi, akaenda kwa Flavian, fundi wa kompyuta wa kituo, kuuliza rekodi hizo zipo wapi tena.

"Kuna kanzidata ya majaribio, ya makarani wapya kujifunzia," Flavian alieleza. "Ni nakala ya ile halisi, ila watu nimewaficha. Majina nimebadilisha, tarehe za matibabu nimezirudisha nyuma miezi miwili."

"Nini hukubadilisha?"

Flavian alikuna kichwa. "Umri. Na jumuiya. Hapa kila mgonjwa anaulizwa jumuiya yake ya kanisa kama anavyoulizwa hali. Nikaona si kitu."

"Nani wamejifunzia?"

"Lydia, mgeni kutoka Mbeya. Na Adriano wa Milepa."

Redempta alifumba macho kidogo. Alitamani mkosaji awe mtu mwingine, si mshenga.

Ijumaa aliwakutanisha wote chumba cha dawa. Adriano hakubisha.

"Jina sikuliona, liliandikwa Hellena. Lakini jumuiya yetu ni nyumba nane. Binti wa umri ule, hajaolewa, ni nani mwingine? Mimi ndiye mshenga. Ingejulikana baadaye, Mboje angesema nimemuuzia mbuzi kwenye gunia."

"Ungeniuliza," Fortunata alisema taratibu. "Mchumba wangu Masanja anajua. Nilimwambia mwenyewe kabla hajakutuma kwetu. Baba yake alipochukua ng'ombe, yeye akanyamaza."

Adriano aliketi. Hakuna aliyemwonea huruma, hata Redempta, ambaye kwa kawaida huwahurumia waoga.

Adriano alipotolewa, Agnesi alirudishiwa ufunguo wake, akafungua kabati. Ilikuwa siku ya Fortunata ya dawa. Benchi la nje lilikuwa limejaa, watu wamenyoosha shingo kuchungulia. Kwa mazoea, Agnesi aliusukuma mlango kuufunga na kunong'ona namba ya mgonjwa.

"Acha wazi, dada," Fortunata alisema. "Niite jina langu."