Saa ya Reli ya Mzee Kaijage

Bukoba hakuna reli. Mwenye hamu ya kusikia treni apande meli avuke ziwa mpaka Mwanza. Ndiyo maana Evelyne alicheka jioni ile, pale baba yake mdogo, Mutalemwa, alipomkabidhi saa ya mkono ya wafanyakazi wa reli. Saa ya zamani, ya kutia ufunguo, imefungwa ndani ya kipande cha lubugo, lile gome la mti ambalo wazee walivikwa wakizikwa.

"Ba' mdogo, hili si la maiti?"

"Wewe na digrii yako, maswali tu! Mpelekee mzee Kaijage, Kanazi. Alikuwa reli, Tabora huko. Anatafuta mtu wa kushika nafasi yake."

Evelyne akaacha kucheka.

Kazi.

Alikuwa na shahada ya usafirishaji, na kitu pekee alichowahi kusafirisha ni ndoo ya vitumbua kutoka jikoni mpaka barabarani Rwamishenye. CV zake nadhani zilishafungia karanga. Na mama yake, Georgina, bado alikuwa anapalilia mashamba ya watu, mgongo umepinda kama ndoano. Evelyne alitaka kazi ili mama yake akae chini apumzike. Basi. Hakutaka gari.

"Akikuuliza chochote, mjibu kwa adabu," Mutalemwa alisema, akijifuta viganja kwenye suruali. "Usituaibishe."

Bodaboda alimshusha barabarani, akagoma kuingia kibanjani, kwenye shamba la migomba la mzee. "Mwisho hapa, sister." Akageuza pikipiki hata kabla hajashukuriwa.

Jua lilikuwa linazama. Njia ilipita katikati ya migomba, nyembamba, yenye giza la mapema. Hakuna ndege. Hakuna mbuzi. Kulikuwa na harufu… si ya samadi, si ya kahawa inayoanikwa. Chuma. Chuma cha moto.

Halafu, ndani ya lubugo…

Tik. Tik. Tik.

Hakuna aliyeitia ufunguo.

Mzee Kaijage alikuwa barazani, amekaa juu ya nyasi zilizotandazwa, kofia ya kazi kichwani. Mkono wake wa kushoto, pale saa inapokaa, nyama ilikuwa imelika mpaka mfupa. Duara safi, kama bangili.

Evelyne, na mdomo wake wote ule, akapiga magoti. Mtoto wa kike wa Kihaya akisemeshwa na mkubwa huitikia "waitu", yaani ndiyo bwana, hata kabla hajasikia vizuri alichoulizwa. Alifundishwa hivyo kwa makofi, na digrii haikumwondolea.

"Nyegera, karibu mwana. Umeniletea saa?"

"Waitu."

"Unaona nilivyochoka?"

"Waitu."

"Zamu yangu, unaipokea?"

"Waitu."

Migomba ikanyamaza.

Mzee akacheka polepole, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Mutalemwa nilimuuliza hivihivi. Akanikodolea macho tu, mhuni yule, hata salamu hakuitika. Nikampa saa, nikamwambia, haya, niletee basi mwenye adabu."

"Tata… baba, zamu ya nini?"

Mzee akafungua lubugo. Akamvisha saa. Mkanda ulikuwa na joto na unyevu, kama ngozi ya mtu mwenye homa. Ukajikaza wenyewe.

Upande wa ziwa, mbali, treni ikapiga honi.

Bukoba hakuna reli.

Mabehewa yaliingia katikati ya kibanja, yakasimama, na hakuna jani lililotikisika. Madirishani watu wamekaa wima, majembe mapajani, midomo imejazwa pumba. Evelyne aliwafahamu. Alikuwa amekula ndizi kwenye misiba yao.

"Misukule…"

"Abiria," mzee akamsahihisha, akimshikisha kibendera cha kijani. "Kazi ndogo tu. Kila jioni unaangalia saa, unapunga, wanakwenda. Permanent and pensionable. Si ndicho ulichosomea?"

"Sitaki!"

"Umeshapokea. Na zamu mpya huanza na abiria wa kwenu."

Kwenye ngazi ya behewa la mwisho alisimama Georgina, povu la sabuni likimchuruzika mikononi, kama mtu aliyeitwa katikati ya kuosha vyombo.

"Eve? Mwanangu… hawa wananipeleka wapi?"

Evelyne aliushika mkono wenye saa kwa mkono mwingine. Akaung'ata. Akaukalia. Ukapanda hivyohivyo, umemwinua naye, na bendera juu.

Treni ikaondoka kwa wakati.

Alipogeuka, mzee Kaijage alikuwa amelala juu ya nyasi zake. Amekufa, uso umekunjuka, raha mustarehe.

Georgina walimkuta amelalia karai la vyombo. Presha, wakasema. Msibani Mutalemwa alilia kuliko wote, kisha akapangusa kamasi na kutangaza: "Angalau Evelyne amepata kazi." Watu wakampa hongera na pole kwa pumzi moja. Evelyne alikuwa na matusi ya kumtosha mtu yule mpaka kaburini, kwa lugha zote anazozijua. Lakini kila alipofungua mdomo, mkanda ulikaza… akakumbuka jioni inakuja.

Baada ya matanga, Annastella wa nyumba ya jirani alimfuata uani. Naye msomi, naye anauza mchicha. Akapiga magoti vizuri.

"Dada Eve, huko kazini kwenu, hata nafasi ya kufagia hakuna? Nisaidie, dada. Nimechoka."

Evelyne alitaka kumwambia akimbie. Kweli alitaka. Lakini nyama ya mkono ilishaanza kunuka, na nyuma ya migomba jua lilikuwa linashuka.

"Ipo," akanong'ona. "Kwenu mko wangapi?"

Annastella, kwa furaha, akaanza kuwataja mmoja mmoja.