Minza na Yungiyungi la Lamboni

Sogeeni, watoto, sogeeni karibu. Hadithi hii ina maji, ina ng'ombe, na ina msichana mdogo mwenye sauti ndogo.

Msichana huyo anaitwa Minza. Kijijini kwao kuna lambo. Lambo ni bwawa kubwa lililochimbwa ili ng'ombe wapate maji wakati wa kiangazi.

Kwenye kona ya lambo kulikuwa na ua. Lilikuwa la bluu. Bluu kama anga mvua ikishapita.

Ua hilo ni la mmea uitwao yungiyungi. Majani yake ni mapana, ya mviringo. Yamelala juu ya maji kama sahani.

Kila asubuhi mama alikwenda kuchota maji. Minza alichuchumaa ukingoni.

"Umeamkaje, yungiyungi?"

Yungiyungi halikujibu. Lilicheza tu juu ya maji. Chwa, chwa, chwa.

"Mama," Minza aliuliza, "yungiyungi halina ndugu?"

"Lilikuwa nao wengi," mama alisema. "Nilipoolewa hapa, kona yote ile ilikuwa ya bluu."

"Wamekwenda wapi?"

Kabla mama hajajibu, ardhi ilianza kutikisika.

Du! Du! Du!

"Mbuuu!" Ng'ombe hao! Wa mbele alikuwa Mabaka, fahali mkubwa wa Mzee Ndaki. Pembe zake zilikuwa ndefu. Kiu yake ilikuwa kubwa.

Chubwi! Mabaka akaingia majini. Chubwi, chubwi, chubwi! Wenzake wakamfuata.

Wakakanyaga. Wakakoroga. Wakanywa, wakanywa, wakanywa.

Walipotoka, maji yalikuwa ya kahawia. Jani moja lilikuwa limechanika. Ua lilikuwa limeinama.

Minza alitazama nyayo za ng'ombe kwenye matope.

"Sasa najua walikokwenda," alisema.

Siku moja alikuja mgeni. Alivaa buti ndefu za mpira, na kofia pana kuliko mabega yake. Aliitwa Dada Tausi. Kazi yake ilikuwa kuchunguza mimea ya majini.

Minza alimfuata nyuma nyuma. Buti zilipiga kelele kwenye matope. Fyo! Fyo! Fyo!

"Shikamoo, Dada Tausi."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona una huzuni?"

"Yungiyungi litaisha," Minza alisema kwa sauti yake ndogo.

Dada Tausi akatabasamu. "Usiogope. Yungiyungi lipo kwenye maziwa. Lipo kwenye mito. Lipo katika nchi nyingi. Mmea huu hauko hatarini kutoweka duniani."

Minza akafikiri. Akatazama ua lililoinama.

"Lakini hapa kwetu lipo moja tu," alisema.

Dada Tausi akalitazama ua hilo. Akavua kofia yake. Akachuchumaa kando ya Minza.

"Kweli kabisa," alisema. "Huko lipo tele. Hapa lipo moja. Tulitunze hili moja."

"Linataka nini?"

"Linataka matope," Dada Tausi alisema. "Mizizi yake inalala humo. Linataka maji matulivu. Linataka jua."

Minza akarudia ili asisahau.

Linataka matope. Linataka maji matulivu. Linataka jua.

Matope yalikuwapo. Jua lilikuwapo, tena kali! Lakini maji matulivu? Hayo hayakuwapo.

Dada Tausi akaenda kwenye malambo mengine. Minza akabaki na kazi.

Alikusanya mawe. Akayapanga mstari mbele ya kona ya yungiyungi.

Mabaka akaja. Du! Du! Du! Akayaruka mawe. Chubwi!

Minza akakusanya matete. Akayasimika kama ukuta.

Mabaka akaja. Du! Du! Du! Akayanusa matete. Akayala! Kwacha, kwacha, kwacha. Halafu, chubwi!

Minza akaenda kwa Mzee Ndaki. Alimkuta amekaa kwenye kigoda chake, anasuka kamba.

"Shikamoo, babu. Naomba ng'ombe wako wasiingie kwenye kona ya yungiyungi."

Sauti ilikuwa ndogo mno. "Unasemaje, mjukuu wangu?"

Minza akavuta pumzi. Akasema kwa nguvu:

"LINATAKA MATOPE! LINATAKA MAJI MATULIVU! LINATAKA JUA!"

Kuku wakakimbia. Kamba ikamponyoka Mzee Ndaki.

"Nimesikia, nimesikia!" Mzee Ndaki alicheka. Kisha akakuna kidevu. "Lakini ng'ombe nao wana kiu. Nikiwazuia, watakunywa wapi?"

Minza akamwokotea babu kamba yake. Hata ng'ombe aliwapenda. Hakutaka wakae na kiu.

Akaenda kukaa ng'ambo ya lambo. Huko hakuna matope wala yungiyungi. Kuna mwamba mpana, mgumu, ulioteremka taratibu hadi majini.

Mfukoni alikuwa na karanga za chumvi. Akala moja. Akala nyingine. Akala zote. Viganja vyake vikabaki na chumvi.

Mara akasikia pumzi nyuma yake. Fuuu!

Alikuwa Mabaka! Alikuwa amewaacha wenzake malishoni.

Minza hakusogea hata kidogo. Moyo wake ulidunda. Ndu, ndu, ndu.

Mabaka akatoa ulimi mrefu, wenye kukwaruza. Akamlamba kiganja. Lamba, lamba, lamba.

"Unanitekenya!" Minza akacheka. "Kumbe unapenda chumvi!"

Mabaka akalamba tena. Kisha akateremka juu ya mwamba, akainamisha kichwa, akanywa maji. Maji yakabaki safi. Hakukuwa na matope ya kukoroga.

Minza akaruka juu. "Nimepata!"

Alikimbia mpaka kwa Mzee Ndaki. Safari hii hakuhitaji kuambiwa apaze sauti.

"Babu! Tuweke chumvi kule kwenye mwamba! Ng'ombe watalamba kule! Watakunywa kule!"

Mzee Ndaki akaweka kamba chini. Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na bonge kubwa la chumvi ya ng'ombe.

"Twende tukajaribu," alisema.

Kesho yake watu walikusanyika lamboni. Mama alikuwapo. Majirani walikuwapo na ndoo zao.

Mzee Ndaki aliweka chumvi kwenye mwamba. Minza akasimama kando yake.

Du! Du! Du! Ng'ombe hao! Wamekuja na kiu. Wamekuja mbio.

Mabaka alielekea kwenye kona ya yungiyungi, kama alivyozoea.

"Ole wetu," jirani mmoja alisema.

Minza akapanda juu ya mwamba. Akafungua mdomo wake. Ikatoka sauti ambayo hata yeye hakujua anayo.

"MABAKAAA! NJOO HUKUUU!"

Mabaka akasimama. Ng'ombe wote wakasimama. Vumbi likatulia.

Mabaka akageuza kichwa. Akanusa upepo. Fuuu! Fuuu!

Halafu akageuka. Akauzunguka ukingo wa lambo, polepole, mpaka kwenye mwamba. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja.

Lamba, lamba, lamba. Wakalamba chumvi. Wakateremka. Wakanywa, wakanywa, wakanywa.

Na kule kwenye kona, yungiyungi lilitulia. Hakuna aliyelikanyaga.

"Lililililiii!" Mama akapiga kigelegele. Majirani wakadakia. "Lililililiii!"

Mzee Ndaki akamnyanyua Minza juu ya mabega yake. "Mjukuu wangu ana sauti!" alisema. "Mmeisikia? Hata Mabaka anaitii!"

Jioni ile ile watu walikata matawi ya miiba. Wakazungushia kona ya yungiyungi uzio mzuri. Ng'ombe hawapiti tena, lakini maji yanapita, na jua linapita.

Sasa kazi ilikuwa kusubiri. Kusubiri ni kazi ngumu, jamani.

Minza alisubiri. Jani jipya likatokea, dogo, jekundu. Akasubiri. Likapanuka, likawa la kijani.

Mvua zikaja. Chururu, chururu, chururu. Lambo likajaa. Minza akasubiri ndani, uso wake ukiwa dirishani.

Asubuhi moja mvua ilikatika. Minza alikimbia lamboni bila hata kuvaa kandambili.

Akasimama ghafla.

Bluu! Hapa bluu, pale bluu, kule bluu! Yungiyungi lilikuwa limepata ndugu. Kona nzima ilikuwa imechanua.

"Mama! Babu! Njooni! Yamerudi!"

Kijiji kizima kilikuja kutazama. Mama alisimama na ndoo kichwani, akasahau kuchota maji. Macho yake yalilowa.

"Ndivyo ilivyokuwa," alisema polepole. "Ndivyo hasa ilivyokuwa."

Na nani yule anayekimbia barabarani? Fyo! Fyo! Fyo! Ni Dada Tausi na buti zake! Kofia ilimdondoka, hakurudi kuiokota.

"Minza! Nani amefanya haya?"

Minza aliwatazama watu. Aliwatazama ng'ombe waliokuwa wanakunywa kwenye mwamba.

"Sisi sote," alisema. "Na Mabaka."

"Mbuuu!" Mabaka akaitikia, na watu wote wakaangua kicheko.

Siku ile watoto waliimba lamboni mpaka jua likashuka. Unajua waliimba nini?

Linataka matope! Linataka maji matulivu! Linataka jua!

Usiku Minza alijilaza kwenye mkeka kando ya mama. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kuimba.

"Mama," alinong'ona, "nimeona ndege mgeni. Ana vidole virefu, virefu sana. Anatembea juu ya majani na hazami."

"Amekuja peke yake?"

"Amekuja na mwenzake. Wanakusanya nyasi."

Mama akamfunika kanga. "Basi wanajenga kiota," alisema. "Wamepapenda hapa kwetu."

Minza alitabasamu gizani. Nje, vyura walikuwa wanaimba. Kro, kro, kro.

Alitaka kuuliza vifaranga watatoka lini. Lakini usingizi ulikuwa umeshamchukua.