Jumatano za Howell

Fern alipita katikati ya watu wote wale, akaruka ndani ya buti la gari la Corinne na kujilaza juu ya blanketi lenye matope kama aliyefika kwake.

Nilisimama nimeshika kamba tupu. Fern ni mbwa wangu, koli, mbwa wa kuchunga kondoo, mweusi mwenye kola nyeupe ya manyoya, mwoga kupindukia. Mgeni akimsogelea, anajificha nyuma ya magoti yangu. Mbwa wa namna hiyo haingii gari la mtu asiyemjua.

Corinne alikuwa kwenye kiti chake cha kukunja, anakunywa chai ya chupa. Akamwona Fern, kisha akaniona mimi. Rangi ikamshuka.

"Nerys. Habari za asubuhi."

"Sio nzuri. Mbwa wangu anafanya nini kwenye gari lako?"

"Si unajua mbwa. Labda amesikia harufu ya soseji."

"Fern akiwa na woga hali hata nyama mkononi mwangu. Ameshawahi kupanda gari hili?"

Corinne akaanza kufunga kifuniko cha chupa, na kilikuwa kimeshafungwa.

"Muulize Howell," akasema.

Howell ndiye mwanaume wangu. Mwezi uliopita aliniomba tuoane, nikamwambia nitamjibu wikiendi hii, hapa hapa kwenye mashindano ya mbwa. Mimi nina mbwa watatu: Fern, Moss na yule mdogo mkorofi Biscuit. Yeye ana wawili, Juno na Otto. Kila wikiendi ya kiangazi tunaegesha karavani zetu, vijumba vya kuvutwa na gari, ubavu kwa ubavu kwenye shamba la mtu, tunakimbia na mbwa kwenye viunzi na mahandaki ya turubai, jioni tunakula chipsi na mbwa watano wametuzunguka wanahesabu kila tonge. Sijawahi kuwa na maisha matamu kama hayo.

Na kila Jumatano jioni, mimi nikiwa zamu ya usiku dukani kwa mfamasia, Howell ndiye anayekaa na mbwa wangu.

Corinne ni mrembo, ameachika, na ana uwanja wake wa mazoezi ya mbwa nyuma ya nyumba. Hesabu ilijipiga yenyewe. Nikapiga simu.

"Uko wapi?"

"Foleni, uwanja wa kwanza. Bado mbwa wanne kabla ya Juno. Vipi?"

"Jumatano huwa unakwenda kwa Corinne?"

Nyuma yake nikamsikia mtu anamfokea mbwa wake atulie.

"Howell, nimekuuliza."

"Ndiyo, nakwenda. Lakini Nerys, sivyo unavyofikiria."

"Kila mwanaume huwa anasema hivyo. Maliza foleni yako."

Nikakata. Nikamvuta Fern, nikarudi kwenye karavani, nikaanza kukunja maturubai huku machozi yananitoka. Moss alinifuata huku na huko. Biscuit akaiba soksi, hakuwa na habari ya msiba wa mtu.

Howell alikuja mbio, buti zimejaa matope, Juno nyuma yake. Alikuwa ametoka kwenye foleni bila kukimbia zamu yake. Kwa watu wetu hilo si jambo dogo, lakini sikutaka kuliona.

"Umelala naye?" nikamuuliza.

"Nani, Corinne? Hapana. Hata mkono sijamshika."

"Basi mbwa wangu analijuaje buti la gari lake?"

Akavua kofia, akaizungusha mikononi.

"Anapumzikia humo tukimaliza mazoezi. Nimekuwa nikimfundisha Fern ubao."

Ubao ni ile bembea ndefu ambayo mbwa hupanda upande mmoja, akifika katikati unainama na kugonga chini, ndipo ashuke. Mwaka juzi ulimgonga Fern, akaanguka vibaya. Tangu siku ile akiuona tu anatetemeka. Nikamstaafisha, nikabaki nakimbia na hawa wawili, na kila nikimwacha kwenye karavani anaangalia mlango niliotokea.

"Nilitaka iwe zawadi," akasema. "Anapanda sasa, Nerys. Na leo nimemwandikisha, uwanja wa tatu, baada ya chakula cha mchana. Nilijua ukimwona utafurahi."

Nilikaa kwenye ngazi ya karavani. Nilipaswa kucheka, maana mwanaume wangu hakuwa ananisaliti. Sikucheka.

"Bora ungelala naye," nikasema.

"Unasemaje?"

"Mbwa wangu, Howell. Anayeogopa. Umempeleka kwenye kitu kilichomvunja moyo, na hukuniuliza. Graham alifanyaje? Nilikusimulia."

Graham alikuwa mume wangu. Siku moja nilitoka kazini nikakuta kikapu cha mbwa wangu wa kwanza kitupu. Alikuwa amempa watu wa mbali, akaniambia ni kwa faida yangu, nimechoka, nitamshukuru baadaye. Hakuwahi kunipiga. Alikuwa ananiamulia tu, kila kitu, kwa upole, mpaka nikasahau ninachokitaka.

Howell aliacha kuizungusha kofia. Nikaona neno limemwingia.

"Nimefanya kama yeye," akasema.

"Umefanya kama yeye."

"Sikuona hivyo. Nilikuwa naona uso wako tu utakavyokuwa." Akavaa kofia. "Nimekosa. Sina cha kujitetea. Jina la Fern nitakwenda kulifuta sasa hivi. Au libaki. Sema wewe."

"Niache kwanza."

Akaondoka. Hakugeuka kuomba huruma, na hilo nilimshukuru kimoyomoyo.

Chakula cha mchana sikukigusa. Walipotangaza kwamba uwanja wa tatu uko wazi kwa kutembea, miguu ikanipeleka. Kabla ya kukimbia, sisi huwa tunatembea njia nzima bila mbwa, kila mtu anakariri kiunzi gani kinafuata. Watu wazima thelathini wanapunga mikono na kugeuka ghafla, wanasema na mbwa wasiokuwepo. Mpita njia angeita polisi.

Corinne alikuwa mbele yangu. Akapunguza mwendo.

"Umekuja kunipiga?" akauliza.

"Bado nafikiria."

"Nilimwambia akuulize. Nilimwambia kila Jumatano. Yule mtu ana kichwa kigumu kama kiunzi."

"Fern anapanda kweli?"

"Anapanda. Sauti ya ubao kugonga ndiyo ilikuwa inamtisha. Howell alikuwa analala chini kwenye majani, anaupokea kwa mikono ili usigonge. Wiki baada ya wiki anaushusha haraka kidogo. Mvua inamnyeshea. Siku aliyochelewa kutoa vidole nililia mimi badala yake."

"Zile kucha zake nyeusi? Aliniambia ni nyundo."

"Nyundo gani. Ni mbwa wako."

Tulifika kwenye ubao wenyewe, wa njano, umetulia. Niliutazama.

"Ila anapanda akiwa na sisi," Corinne akasema. "Akiwa na wewe, ambaye unaogopa kuliko yeye, hilo sijui."

Maneno hayo yaliniuma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Nilirudi, nikafungua mlango wa karavani. Fern alikuwa pale pale. Nikachukua kamba, nikamwonyesha bila kusema kitu. Aliruka mwenyewe akasimama mlangoni, mkia unamtikisika. Sikuwa nafanya kwa ajili ya Howell. Mbwa ndiye aliyenijibu.

Zamu yetu ilifika. Tukaanza. Viunzi vitatu, handaki, viunzi viwili, vijiti vya kupenya. Nilikuwa nimesahau anavyokimbia, tumbo karibu liguse majani. Kisha ubao.

Akasimama. Akanitazama.

Zamani ningemhimiza. Safari hii nilifunga mdomo, nikasimama pembeni yake na kumwachia. Ukitaka, sawa. Hutaki, tunaondoka tukale soseji.

Fern akaweka mguu mmoja. Halafu wa pili. Akapanda, akafika katikati, ubao ukainama na kugonga chini, pa, na yeye akabaki juu yake, masikio yamesimama, akingoja nimwambie ashuke.

Nililia kama mtoto. Njia yote ikafutika kichwani. Nikageuka vibaya, na Fern, anayefuata mabega yangu kuliko maneno yangu, akaingia handaki lisilo lake. Mwamuzi akainua mkono. Tumetolewa. Watu walitupigia makofi kuliko walivyompigia mshindi.

Nilitoka nimembeba Fern. Howell alikuwa nyuma kabisa ya kamba ya uwanja, mbali, macho mekundu, hasogei. Simu ikalia mfukoni, ujumbe wake.

"Naomba ruhusa kuja hapo."

Nikaandika: "Njoo."

Akaja. Akasimama hatua moja kutoka kwangu.

"Naomba kumpa Fern soseji."

"Mpe."

"Naomba kukushika mkono."

Nikautoa. Kucha mbili za mkono wake zilikuwa bado nyeusi.

"Hujamaliza," nikamwambia. "Kuna swali la mwezi uliopita. Liulize upya, maana lile la kwanza uliuliza kama mtu anayejua jibu."

Safari hii hakuwa na uhakika hata kidogo, na ndivyo nilivyompenda.

"Nerys, unataka tuoane? Ukisema hapana, Jumapili ijayo bado nitakubebea viunzi."

"Nataka."

Tulifunga ndoa Oktoba. Sasa anauliza kila kitu, mpaka inachosha. Juzi nilikuwa kitandani, Biscuit amejinyoosha juu ya mto wa Howell, anakoroma. Howell akasimama mlangoni na pajama zake.

"Naomba kumsogeza Biscuit."

"Hapana," nikamwambia.

Akachukua blanketi, akaenda kulala sebuleni na wale mbwa wanne wengine.